Hoja Inayomaliziwa na Msikilizaji

Kikao cha wazazi kilikuwa kinakaribia kupiga kura. Jambo lenyewe lilionekana dogo: je, shule ifute kipindi cha maktaba ili watoto waongezewe kipindi cha hesabu? Mzazi mmoja wa makamo, mwenye sauti tulivu, alisimama akasema sentensi mbili.

"Watoto wetu wanafeli hesabu. Na kila wiki wanakaa saa nzima maktaba."

Akaketi. Ukumbi mzima ukatikisa vichwa kukubali.

Kisha akasimama mama mmoja kijana, karatasi mkononi. Alikuwa amejiandaa kuliko sisi sote. Akasoma matokeo darasa kwa darasa, muhula kwa muhula. Madarasa yaliyoitumia sana maktaba hayakuwa yale yanayofeli. Waliofeli kupita wote ni wa darasa lililokaa muhula mzima bila mwalimu wa hesabu. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli na yalikuwa yameandikwa pale. Alipofika katikati minong'ono ikaanza. Alipomaliza, mtu wa nyuma akauliza kwa sauti: "Kwa hiyo, dada, unataka watoto wetu waendelee kufeli?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaitisha kura.

Nilinyoosha mkono upande wa yule mama kijana. Tulikuwa wa kuhesabika.

Jambo hili limenikaa rohoni kwa wiki kadhaa sasa. Kushindwa kwenye kura ni kawaida, na kipindi cha maktaba kinaweza kurudi mwaka ujao. Kinachonisumbua ni kwamba, kwa kila kipimo cha hoja nzuri ninachokijua, mwenye hoja pale ukumbini alikuwa yeye. Yule bwana hakutoa ushahidi. Hakutaja hata sababu. Aliweka mambo mawili bega kwa bega, akanyamaza.

Nikaanza kushuku kwamba kunyamaza kwake ndiko kulikompa ushindi.

## Sentensi ya tatu

Tukizungumzia balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, wengi wetu tunarudia ule utatu wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: mantiki, hisia, na namna msemaji anavyoaminika. Tumezoea kuutumia kama masanduku matatu. Takwimu weka hapa, machozi weka pale, vyeti na heshima ya msemaji kule. Kwa mpango huo, sanduku la mantiki la yule dada lilikuwa limejaa pomoni, na la yule bwana lilikuwa tupu.

Lakini Aristotle mwenyewe, katika karne ya 4 KK, aliona jambo ambalo masanduku hayalionyeshi. Aliona kwamba mantiki ya kwenye hadhara haiendi kama mantiki ya darasani. Darasani unataja kila hatua mpaka ufike kwenye hitimisho. Mbele ya watu, msemaji huruka hatua moja, kwa kuwa wasikilizaji wanayo tayari na wataijaza wenyewe. Mfano wake ni wa mwanariadha Dorieus. Ukitaka watu wajue kwamba alishinda shindano ambalo zawadi yake ni taji, inatosha kusema alishinda Olimpia. Huna haja ya kuongeza kwamba Olimpia mshindi hupewa taji. Nani asiyejua?

Hoja ya namna hii inaitwa enthimema, na Aristotle aliihesabu kuwa ndiyo mwili wenyewe wa ushawishi.

Nilipousoma tena mfano wa Dorieus nilichukua kalamu, nikaandika zile sentensi mbili za yule mzazi, kisha nikajaribu kuandika ya tatu ambayo hakuitamka. Ikatoka hivi: kinachowafelisha watoto ni uhaba wa muda.

Basi. Hoja nzima imeegemea hapo, na hakuna aliyeisikia ikitamkwa. Kila mzazi aliijaza kichwani mwake, kwa maneno yake, akimfikiria mtoto wake mwenyewe na daftari lake ambalo halijafunguliwa tangu Ijumaa. Ilipofika kwenye kura, hilo halikuwa tena wazo la yule bwana. Lilikuwa la kila aliyekaa pale.

Na ni wachache wanaopinga wazo walilolizaa wenyewe.

Sasa itazame upya karatasi ya yule dada. Takwimu zake zilijibu kilichosemwa. Zilionyesha kwamba maktaba haina hatia. Ile nguzo iliyofichika hazikuigusa, kwa sababu huwezi kujibu sentensi ambayo hukuisikia. Wazazi wakajikuta na vitu viwili: tarakimu zinazosomwa harakaharaka na mtu wasiyemjua, na jambo "wanalolijua" kutoka nyumbani kwao. Walishika walichokuwa nacho.

Nimelifikiria sana swali ambalo lingeweza kubadili kikao kile. Nadhani ni hili: "Hiyo saa ya ziada, nani ataifundisha?"

Halihitaji karatasi. Mwalimu hayupo, kila mzazi wa darasa lile anajua hayupo, na saa ya ziada isiyo na mwalimu ni saa ya kukaa tu. Mtu akiulizwa hivyo, anafika mwenyewe pale ambapo takwimu zilikuwa zikijaribu kumburuta. Uhaba wa muda unaondoka, uhaba wa mwalimu unashika nafasi yake. Baada ya hapo ndipo usome tarakimu zako, nazo zitapokelewa, kwa kuwa sasa zinathibitisha kitu ambacho msikilizaji amekwisha kukiona.

Ni rahisi kwangu kusema haya nikiwa nimekaa na kalamu. Yule dada alikuwa na dakika chache na ukumbi uliokwisha kuamua.

## Tarakimu zilizokosa pa kukaa

Kisa cha daktari Ignaz Semmelweis kinasimuliwa mara nyingi kama kisa cha madaktari wakaidi. Siku hizi nakisoma vingine.

Hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wa udaktari, nyingine na wakunga. Mwaka 1846, katika wodi ya madaktari, walifariki zaidi ya asilimia 11 ya akina mama. Katika wodi ya wakunga hawakufika asilimia 3. Semmelweis aligundua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Katikati ya Mei 1847 akaagiza mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili vifo vilikuwa asilimia 18. Mwezi Juni vilikuwa kama 2.

Utataka ushahidi gani zaidi ya huo?

Lakini hebu kaa kwenye kiti cha daktari wa wakati ule. Vijidudu havijajulikana kuwa chanzo cha magonjwa. Unachoamini, kama wenzako wengi, ni kwamba maradhi huenezwa na hewa chafu. Unaambiwa mikono yako ina chembe za maiti zisizoonekana, na kwamba chembe hizo ndizo zinazoua. Hatua ya katikati unaitoa wapi? Huna. Na hatua pekee iliyo tayari kichwani mwako ni nyingine kabisa: huyu ananiita muuaji. Semmelweis alichelewa miaka mingi kuandika kitabu chake kikuu, kikatoka 1861, na wakosoaji walipokuja akawajibu kwa barua za wazi zilizowaita wauaji waziwazi. Alifariki 1865 akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Akina mama waliendelea kufa katika wodi nyingi za Ulaya.

Sisemi kwamba kosa ni lake. Hasira ya mtu anayeona watu wakifa bure ina haki yake. Nasema tu kwamba tarakimu zilikuwepo, na wasikilizaji hawakuwa na kitu cha kuzimalizia.

Mweke kando yake muuguzi Florence Nightingale. Naye alikuwa na tarakimu za vifo, za wanajeshi wa Uingereza katika vita vya Crimea. Mwaka 1858 alizichora kwa mchoro wa duara uliogawanywa vipande, mwezi kwa mwezi. Eneo la buluu lilikuwa vifo vya maradhi yanayozuilika, na lile la waliokufa kwa majeraha lilikuwa dogo kando yake. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kitu. Anaona kwamba kilichowamaliza askari ni uchafu zaidi ya adui. Tena Nightingale mwenyewe aliamini nadharia ya hewa chafu, kwa hiyo alichokidai, usafi na hewa ya kutosha, kilikuwa na mahali pake tayari katika vichwa vya wakubwa aliotaka kuwashawishi.

Hili la mwisho linanitia wasiwasi. Nightingale alieleweka kwa sehemu kwa sababu alishiriki kosa la wasikilizaji wake. Semmelweis alikuwa karibu zaidi na ukweli, na ukaribu huo ukamponza.

## Umbo la sababu

Wasiwasi ukishaingia hauishii hapo. Ikiwa nguvu ya hoja iko kwenye kile ninachojijazia mwenyewe, najuaje kwamba nimeshawishiwa na sababu, wala si na kitu kilichovaa vazi la sababu?

Mwaka 1978 mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake wawili walichapisha jaribio lililofanywa kwenye mashine ya kutolea fotokopi. Mtu anakaribia kutumia mashine, mwingine anamwendea na kumwomba apishwe. Akiomba kurasa tano bila kutoa sababu, asilimia 60 walimpisha. Akisema ana haraka, 94. Akisema "kwa sababu nataka kutoa kopi", maneno yasiyoeleza lolote, maana kila anayesimama pale anataka kutoa kopi, walimpisha asilimia 93.

Jaribio hili husimuliwa mpaka hapo tu, kisha wauza mbinu za ushawishi wanakuambia taja sababu yoyote ile, watu watakubali. Wanaacha nusu ya pili. Ombi lilipokuwa la kurasa ishirini, wasiopewa sababu walikubali asilimia 24. Waliopewa sababu tupu, 24 vilevile. Waliopewa sababu ya kweli, 42.

Jambo likiwa na gharama, watu husikiliza.

Nusu hiyo ya pili imenipa matumaini kuliko kitu chochote nilichosoma wiki hizi. Ina maana kwamba akili haijalala kabisa. Inaamka inapoona kuna kitu cha kupoteza. Pale kikaoni hakuna aliyeona kwamba anapoteza kitu. Kipindi cha maktaba kilikuwa cha mtu mwingine.

## Siku ya pili pale Athens

Mfano ambao sikuweza kuuacha ni wa mwaka 427 KK. Mji wa Mytilene ulikuwa umeasi dhidi ya Athens na kushindwa. Kwa ghadhabu, mkutano wa raia wa Athens ukapiga kura wanaume wote wazima wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikatumwa na amri. Usiku ulipopita watu wakaanza kujuta. Asubuhi mkutano ukaitwa tena.

Mwanahistoria Thucydides ametuachia hotuba mbili za siku ile. Cleon anasimama kwanza, na anaipinga huruma waziwazi: huruma ni udhaifu usiowafaa watawala, na nyinyi mmekuwa watu wa kufurahia hotuba kama watazamaji wa michezo. Kisha anasimama Diodotus, mtu ambaye historia haina habari zake zaidi ya siku ile. Anataka kuokoa maisha ya watu wa mji mzima. Nilitarajia asihi, ataje watoto, ataje miungu.

Hagusi huruma kabisa. Anasema wazi kwamba naye hawaombi wawe wapole. Suala, anasema, si kama Mytilene wana hatia. Suala ni faida yetu. Mji ulioasi ukijua kwamba kusalimu amri hakuna nafuu, utapigana hadi mtu wa mwisho, na sisi tutaishia kumiliki magofu yasiyolipa kodi. Na tukiua watu wa kawaida pamoja na viongozi wao, kila mji utakaoasi kesho utakuwa na watu wa kawaida walio upande wa waasi.

Mantiki tupu, kavu. Nilikaa na hotuba hii muda mrefu kabla sijaona anachokifanya. Wale watu walikuja mkutanoni na huruma tayari, ndiyo iliyowaamsha. Cleon akawaaibisha kwa sababu yake. Kama Diodotus angeitetea huruma, angewaacha waumini wake uchi mbele ya Cleon, wakionekana walaini. Yeye akawapa sababu ngumu ambayo mtu anaweza kuisimamia hadharani bila kuona haya, na huruma akaiacha bila kuitaja. Waliijaza wenyewe.

Kura zilikaribiana sana, Diodotus akashinda. Merikebu ya pili ikatumwa mbio, ikafika jemadari akiwa amekwisha kuisoma amri ya kwanza, kabla hajaitekeleza. Viongozi wa uasi hawakuokoka; Thucydides anasema waliouawa walizidi elfu moja kidogo. Mji ulibaki.

Ndani ya hotuba hiyohiyo kuna maneno ambayo yamenikosesha raha. Diodotus anawaambia watu wa Athens kwamba wamefika mahali ambapo ushauri mwema ukitolewa waziwazi unashukiwa sawa na ushauri mbaya, hivyo hata mwenye nia njema analazimika kudanganya ili aaminiwe.

Analisema hilo mbele ya watu anaowashawishi.

## Kama mbinu ikitajwa

Nilibishana na Diodotus kichwani kwa siku nyingi. Je, alidanganya? Nikatafuta kipimo, na nilichokipata ni hiki: chukua mbinu yako, isimame ukumbini ijieleze kwa sauti, kisha utazame kama bado inafanya kazi.

Yule bwana wa kikaoni angelazimika kusema: "Nimeitaja maktaba kando ya kufeli ili mdhani tatizo ni muda, ingawa sijachunguza." Hoja inaanguka papo hapo. Nightingale angesema: "Nimechora kwa rangi ili muone ukubwa wa jambo." Haianguki, tarakimu ni zilezile. Dada wa kikaoni, kama angeuliza nani atafundisha, angeweza kueleza kila kitu kuhusu swali lake na lisipoteze nguvu hata kidogo. Na Diodotus? Angesema: "Mlikuja na huruma, nami nimewapa sababu ya kuifuata bila aibu." Nadhani wengi walionyoosha mikono wangesema: ndiyo, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwangu huo si udanganyifu, hata kama yeye mwenyewe aliuita hivyo.

Nilikuwa nimeridhika na kipimo hiki mpaka nilipokutana na utafiti wa mwaka 2007 wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic.

Waliwapa watu dola tano na nafasi ya kuchangia shirika linalosaidia watoto. Baadhi walisoma takwimu za njaa barani Afrika. Wakatoa wastani wa dola 1.14. Baadhi walisoma habari za mtoto mmoja, Rokia, msichana wa miaka saba kutoka Mali, na kuona picha yake, wakatoa 2.38. Waliopewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu, walitoa 1.43. Tarakimu zilipunguza wema. Katika jaribio jingine la utafiti huohuo, watafiti waliwaeleza watu mapema kwamba binadamu huguswa na mtoto mmoja kuliko na takwimu. Yaani waliitaja mbinu. Matokeo: michango kwa Rokia ilishuka, na michango kwa takwimu haikupanda.

Kipimo changu kinasema, basi, uso wa Rokia ni mbinu isiyostahimili kutajwa. Niitupe?

Siwezi. Nimelizungusha hili kila upande na siwezi. Sentensi ambayo msomaji anajijazia anapoutazama uso ule, kwamba mtoto huyu ana shida na mimi naweza kumsaidia, ni ya kweli. Ile iliyojazwa na wazazi kikaoni ilikuwa ya uongo. Tofauti hiyo naiona nzito kuliko tofauti ya mbinu inayostahimili na isiyostahimili kutajwa. Kwa hiyo nikilazimika kuchagua, naanza na ukweli wa kile kilichofichika, kisha ndipo niulize kama kinaweza kusemwa kwa sauti. Ningeweka uso wa Rokia mbele. Takwimu ningeziweka ukurasa wa pili, kwa yule atakayeuliza, naye akiuliza nisimfiche chochote.

Najua makala hii nayo ina sentensi yake isiyotamkwa, na baada ya yote niliyoandika si haki niiache imejificha. Ni hii: naamini kwamba watu wengi, wakipewa swali sahihi na wakiona gharama ya kukosea, watafika kwenye ukweli kwa miguu yao wenyewe. Nusu ya pili ya jaribio la Langer inaniunga mkono kidogo. Wodi za Vienna zinanipinga. Anayetaka kunionyesha kwamba nimekosea kuhusu yule dada, Diodotus au Rokia, aanzie hapo.